Bati Laini

Saa tisa za usiku, Osaka, siku ya nne ya zamu.
Chigusa Oyabe ana tonge la wali lililofungwa kwa mwani,
ameling'ata mara moja, akalisahau mkononi.
Nyuma ya ukuta wa zege, mita mbili za unene,
viini vya heli vinazungushwa mpaka viive kwa kasi,
kisha vinarushwa kwenye utando wa bati
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Vingi vinapita tu, kama wageni waliokosea mlango.
Kimoja kimoja kinagonga.
Na kiini kilichogongwa, pigo likija sawasawa,
hakivunjiki, hakiyumbi upande:
kinavimba chote, kinanywea chote,
protoni na neutroni kwa pumzi moja.
Mara tatu, pengine nne.
Halafu basi.

Hamanaka, fundi wa pampu, aliwahi kumwuliza:
"Mnapimaje ugumu wa kitu msichoweza kukibonyeza?"
"Mpira ukiwa ng'ambo ya ua, wewe ungejuaje umejaa?"
"Ningesikiliza unavyodunda."
"Basi."

Kigumu hurudi upesi, sauti yake juu.
Kilaini hujivuta, sauti yake chini.
Ndiyo hesabu yote, ukiondoa miaka ya kuihakikisha.

Risasi ilishajibu. Zirkoni ilishajibu.
Kwa majibu yao kanuni ikapangwa,
na kanuni ikatabiri bati litalia wapi.
Usiku huu kilima kinaota kwenye skrini, nukta kwa nukta,
kushoto mwa mstari mwekundu.
Si mbali. Upana wa kidole.
Lakini kidole hicho kinatosha kumnyima mtu usingizi.

Baba yake, Tokusaburo, alimimina kengele kule Takaoka,
shaba nyingi, bati kidogo, kwa kipimo cha jicho.
Alipokuwa na miaka sita alimpa kipande cha bati tupu:
"Kikunje."
Kikalia, mlio mkavu, kama barafu chini ya kiatu.
"Linalalamika," baba akasema, "lakini linakubali."

Chigusa anajua ulaini ule si huu.
Ule ni wa atomu kuteleza safu juu ya safu;
huu uko ndani mno, kidole hakijafika wala hakitafika.
Anajua, na amewahi kuwakaripia wanafunzi kwa kuchanganya.
Hata hivyo sikio lake linangoja mlio.

Debe tupu haliachi kuvuma.
Hili si tupu.
Lina protoni hamsini, hesabu iliyotimia, kila kiti kina mwenyewe,
na neutroni sitini na mbili zinazosukumana kutafuta nafasi.
Limejaa, na linavuma,
na linavuma chini.

Mbali huko kuna nyota zilizokufa,
uzito wa jua zima umeshindiliwa ndani ya mji kama huu,
na kinachozizuia zisiporomoke ni ukaidi huu huu
anaoupima kwa macho mekundu na wali mkavu.
Kidole kimoja kwenye skrini,
na nyota nzima haijulikani itasimama au itazama.

Alfajiri simu inalia. Baba, sikio la kushoto limekufa,
anapaza sauti kana kwamba Osaka ni ng'ambo ya mto.
"Limelia?"
"Limelia. Chini kidogo."
"Umelikagua tanuri?"
"Mara tatu, baba. Si tanuri."
Kimya. Pumzi yake, nzito, ndani ya waya.
"Kengele yangu ya mwisho nayo ililia chini.
Hekalu likaichukua hivyo hivyo."
"Kwa nini ililia chini?"
"Mpaka leo naweka kiganja ukingoni mwake, nauliza."

Anaandika daftarini: saa, namba, alama ya kuuliza.
Anaifuta ile alama.
Anairudisha, kwa wino.
Kisha anambonyezea Hamanaka kengele ya chini:
"Fungua chemba. Toa mia na kumi na mbili,
weka mia na kumi na nne."